Mdogo wangu anakaribia kutoka gerezani kwa mara ya pili: tumwandalie nini ili asirudi?

Dada Mkubwa anauliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa watu wenye uzoefu au ujuzi wa jambo hili. Mdogo wangu wa mwisho anamaliza kifungo chake miezi michache ijayo. Alihukumiwa kwa kuvunja nyumba na kuiba, na hii si mara yake ya kwanza, kwa kuwa aliwahi kutumikia kifungo kifupi kwa kosa la aina hiyo hiyo, akatoka, na kabla ya mwaka kuisha akawa amekamatwa tena. Safari ile tulimpokea kwa shangwe, tukamwambia apumzike, kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Sasa familia imegawanyika. Mama anataka arudi nyumbani kwenye chumba chake cha zamani na asiulizwe lolote. Baba mdogo, ambaye ndiye anayesikilizwa katika vikao vyetu, anasema kwamba mtu mzima akihurumiwa mara mbili hudeka, kwa hiyo ajitafutie mwenyewe pa kulala na kazi ya kufanya, na akiweza hayo ndipo tutakapojua kama amebadilika. Mimi ndiye ninayemtembelea kila ninapopata nafasi kazini. Ninaona amekomaa, amejifunza useremala humo ndani na anazungumza kwa utulivu kuliko zamani. Lakini niwe mkweli, hata safari ile ya kwanza alizungumza vizuri.

Ningependa kujua mambo matatu. Je, kuna kitu kinachojulikana kwa hakika kwamba hupunguza uwezekano wa mtu kurudia uhalifu, au yote hutegemea tabia na bahati yake? Familia ishike lipi na iziachie lipi ofisi za serikali? Na kuhusu kazi, aseme wazi kwamba alifungwa au anyamaze? Naomba nisijibiwe kwa mahubiri, maana hayo nimeyasikia ya kutosha.

Afisa Uangalizi Mstaafu anajibu:

Dada Mkubwa, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu wengi walikuwa wakija ofisini kwetu wiki kadhaa baada ya ndugu yao kutoka, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Nilifanya kazi ya kuwasimamia watu walioachiliwa kwa masharti hadi nilipostaafu. Nitajibu zaidi swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lililo mikononi mwako.

Nianze na hoja ya baba mdogo. Ofisi ya takwimu za haki ya Marekani iliwafuatilia watu walioachiliwa mwaka 2005 kutoka magereza ya majimbo 30, ikakuta kwamba asilimia 68 walikamatwa tena ndani ya miaka mitatu, na asilimia 83 ndani ya miaka tisa. Takwimu hizo hunukuliwa sana na watu waliokata tamaa, ila wanaozinukuu huruka sehemu yenye manufaa zaidi, nayo ni kwamba asilimia 44 ya watu hao walikamatwa katika mwaka wa kwanza. Hatari haikutawanyika sawasawa katika miaka yote, imerundikana mwanzoni. Hata kwa upande wa vifo ni hivyo hivyo. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya mtu kufa ilikuwa mara 12.7 ya ile ya wakazi wengine wanaolingana naye, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya, kwa kuwa mwili uliokaa muda mrefu bila dawa hauwezi tena kuhimili kiasi kilekile ulichokizoea zamani. Kama mdogo wako aliwahi kutumia chochote, hata kama ninyi mnaona yamekwisha, mpango wa tiba uwe tayari kabla hajatoka. Kwa hiyo anayesema tumwache kwanza ahangaike, kisha tumsaidie akishajithibitisha, anamnyima msaada wakati unapohitajika na kuutoa wakati ambapo haja yake imepungua.

Sasa mambo yenyewe. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha mwezi Desemba mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 107 kwamba maisha ya mfungwa baada ya kuachiliwa yaanze kufikiriwa tangu mwanzo wa kifungo chake, na kanuni ya 108 inataja vitu bila kupamba: hati na vitambulisho, mahali pa kuishi na kazi, mavazi yanayofaa hali ya hewa, na fedha za kumfikisha aendako na kumkimu katika kipindi cha mwanzo. Chukueni kanuni hiyo muifanye orodha yenu. Nenda kwenye ofisi ya ustawi ya gereza uulize kitambulisho chake kiko wapi na kama muda wake haujapita, kwa sababu bila hicho hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu na haajiriwi. Uliza kama cheti cha useremala kitakuwa tayari siku ya kutoka au ataambiwa akifuate baadaye. Kama anatumia dawa za hospitali, uliza atapewa za siku ngapi na nani atamwandikia nyingine.

Uliza pia tarehe yake inaangukia siku gani ya juma. Jambo hili linaonekana dogo, lakini England na Wales walilitungia sheria mwaka 2023, inayoruhusu mtu ambaye siku yake ya kutoka ni Ijumaa au mkesha wa sikukuu atolewe hadi siku mbili za kazi kabla ya hapo. Walikuwa wamechoshwa na watu wanaotoka Ijumaa mchana na kukuta ofisi za makazi, kliniki na benki ziko mbioni kufunga, kisha wakakaa siku mbili za mapumziko bila dawa wala pa kulala. Kama kwenu hakuna sheria ya aina hiyo, basi wewe ndiye wa kuhakikisha kwamba kila miadi imepangwa mapema.

Kuna jambo jingine ambalo familia hazilioni hadi limetokea. Wako wanaorudishwa gerezani bila kutenda kosa jipya, kwa kuvunja sharti tu. Mtu anapata kibarua kinachoanza alfajiri. Siku ya kuripoti kwa afisa ni Jumanne saa nne asubuhi. Msimamizi wa kibarua anamwambia akiondoka asirudi. Anachagua kibarua, kwa kuwa ndicho kinachompa chakula, na kwenye jalada lake inaandikwa kwamba amekaidi. Nimeyasoma majalada mengi ya namna hiyo. Mwombe mdogo wako akusomee masharti yake neno kwa neno, uyaandike, na siku ya kwanza mwende pamoja kwa afisa kuuliza lipi linaweza kusogezwa akipata kazi. Maafisa wengi husikiliza ombi lililoletwa kabla, kuliko udhuru unaoletwa baadaye.

La mwisho kwa leo: usiache kumtembelea. Idara ya magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, iliwachunguza watu 16,420 walioachiliwa kati ya mwaka 2003 na 2007, ikaona kwamba waliotembelewa hata mara moja walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 13 ya kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa, na pungufu kwa asilimia 25 ya kurudishwa kwa kuvunja masharti. Waliosaidia zaidi walikuwa ndugu wa kuzaliwa pamoja, wakwe, akina baba na viongozi wa dini. Ziara za wenzi walioachana nao zilikwenda kinyume, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote katika ofisi yetu. Ukiweza kumshawishi baba mdogo aende nawe hata mara moja, itakuwa na maana kuliko kikao kizima cha familia.

Niliyetoka anajibu:

Mimi nilifungwa, nikatoka, nikafungwa tena, nikatoka, na sijarudi kwa miaka mingi sasa. Ninakubaliana na Mzee hapo juu, nami niongeze yale ambayo hayaandikwi kwenye jalada.

Nilipotoka mara ya kwanza nilipokewa na dada yangu. Siku zile za mwanzo nilikuwa nikimwomba ruhusa ya kwenda msalani. Sikuwa nikifanya mzaha. Nilikuwa nikisimama mlangoni pa sebule nikisubiri anijibu, na yeye alikuwa akicheka kwanza, baadaye akawa analia. Alfajiri, saa ile ya kuhesabiwa, nilijikuta nimesimama kando ya kitanda nikiwa sijui nimeamkaje. Gerezani mtu haamui chochote: saa ya kula, saa ya kulala, taa iwake au izimwe. Halafu anatoka asubuhi moja na kutakiwa aamue kila kitu kwa wakati mmoja, huku watu wakimwangalia kama ataamua vizuri. Kumwambia mtu wa namna hiyo apumzike ni kumwacha na siku tupu asiyojua kuijaza. Mimi nilihitaji mahali pa kuwa saa moja asubuhi, hata kama ilikuwa kufagia.

Lakini jambo lililonirudisha hasa ni hili. Nyumbani kila mtu alinipa nasaha, na hakuna aliyenipa pesa mkononi, kwa sababu waliogopa nitaitumia vibaya. Nilipohitaji nauli niliomba, nilipohitaji sabuni niliomba, na kila ombi lilikuja na hotuba fupi. Mtu wa kwanza kunipa simu na pesa bila kuniuliza swali alikuwa mwenzangu wa zamani, yule tuliyekuwa tukivunja naye. Hakunishawishi kufanya lolote. Alinipa tu, akaniambia nijisikie huru. Baada ya wiki chache aliponiomba nisimame mahali fulani nikiangalia watu wanaopita, ningemkatalia vipi?

Kwa hiyo Dada Mkubwa, mjue mnashindana na nani. Mshindani wenu ni mtu mkarimu, anayekuja bila hotuba, na anaishi mtaa uleule alipo mama yenu. Mpeni mdogo wenu kiasi kidogo cha fedha kwa siku maalumu kila juma, kiwe chake bila kuulizwa amekitumiaje, hadi atakapoanza kulipwa. Na mfikirie upya habari ya chumba chake cha zamani. Najua mama ataumia, ila kutoka kwenye dirisha la chumba kile atawaona wale wale waliompeleka gerezani, na wao watamwona.

Mchambuzi wa Sera anajibu:

Hili la makazi alilolisema Niliyetoka lina ushahidi uliopatikana kwa njia ya ajabu. Kimbunga Katrina kilipoharibu jiji la New Orleans, Marekani, na maeneo jirani mwaka 2005, watu wengi waliokuwa wakitoka magereza ya jimbo hilo la Louisiana hawakuwa na mtaa wa kurudi, kwa kuwa nyumba zilikuwa zimebomoka, wakalazimika kwenda kuanza kwingine. Mwanasosholojia David Kirk aliwalinganisha na waliorudi walikotoka, akakuta kwamba waliohama walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kurudi gerezani. Hawakuchaguliwa kwa wema wao, wala hawakupata mafunzo maalumu. Walitenganishwa tu na marafiki na vijiwe vya zamani. Sisemi kwamba kila mtu apelekwe mbali na ndugu zake, kwa kuwa familia nayo ni kinga. Ninasema kwamba msaada wa familia na mtaa wa zamani ni vitu viwili tofauti, na mtu anaweza kupewa cha kwanza bila kurudishwa kwenye cha pili.

Kuhusu swali lako la kwanza, ndiyo, yako yanayojulikana. Taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilikusanya tafiti nyingi za elimu na mafunzo ya ufundi magerezani na kuchapisha matokeo mwaka 2013: kati ya walioshiriki na wasioshiriki, tofauti ya waliorudia ilikuwa takriban alama 13 za asilimia, walioshiriki wakiwa ndio wachache. Kwa hiyo useremala wa mdogo wako una thamani, na si kwa ajili ya kipato peke yake. Mafunzo yanayomfundisha mtu kutambua mawazo yanayomtangulia kabla hajatenda, kisha kuzoea kuchukua hatua nyingine, nayo yana rekodi nzuri. Kinyume chake, mipango ya kuwapeleka vijana magerezani ili watishwe na wafungwa imepimwa mara kadhaa na kuonekana kwamba huongeza uhalifu badala ya kuupunguza. Iwapo mtu yeyote katika familia atapendekeza mdogo wako azungushwe mashuleni kuwatisha watoto, kataeni.

Watu watakutajia Norwei, ambako hutajwa kwamba takriban asilimia 20 tu ndio hurudia ndani ya miaka miwili. Magereza yao, kama lile la Halden lililofunguliwa mwaka 2010, yameendeshwa kwa msingi kwamba adhabu ni kunyimwa uhuru peke yake, na mengineyo yafanane kadiri iwezekanavyo na maisha ya nje. Ninaiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo msiiweke asilimia hiyo kando ya ile ya 68 aliyoitaja Mzee, kwa sababu Marekani walihesabu kukamatwa ndani ya miaka mitatu na wenzao wakahesabu hukumu mpya ndani ya miwili, na magereza ya Norwei hupokea watu wengi wa vifungo vifupi. Kulinganisha namba mbili zilizohesabiwa kwa namna tofauti ni ugonjwa wa mijadala hii.

Jirani Aliyeibiwa anajibu:

Nimesoma yote kwa makini, na ninaomba nisieleweke vibaya. Mimi nilivunjiwa nyumba. Vitu vilivyochukuliwa vingine tulivinunua tena, lakini binti yangu kwa muda mrefu hakukubali kulala chumba kinachoelekea uani, na mpaka leo anakagua komeo mara mbili kabla ya kulala. Aliyefanya hivyo alifungwa na baadaye akatoka. Hakuna aliyetuarifu kwamba anatoka; tulimwona njiani.

Katika majibu yote hapa mmezungumzia vitambulisho vyake, dawa zake, nauli yake na usingizi wake. Sipingi, maana ninaelewa kwamba asiporudia kosa, ndivyo nyumba nyingine itakavyosalimika. Ninauliza tu: walioibiwa wako wapi katika mpango wenu? Mdogo wake Dada Mkubwa alivunja nyumba ya nani, na yule mtu ataambiwa nini?

Dada Mkubwa:

Nawashukuru nyote, na wewe Jirani hasa, kwa kuwa katika vikao vyetu vyote hakuna aliyewahi kuitaja ile nyumba. Tunawajua wenyewe kwa sura. Ni wazee wawili wanaoishi si mbali na kwa mama.

Nimezungumza na mume wangu kuhusu mdogo wangu kuja kukaa kwetu, kwa kuwa sisi tunaishi mbali na mtaa ule. Amekubali kwa shingo upande, na ana haki, kwa sababu tuna watoto. Naomba mnisaidie mambo mawili: namna ya kuwekeana masharti bila kuifanya nyumba yangu kuwa gereza jingine, na lile swali la kazi ambalo bado halijajibiwa.

Mwenye Karakana anajibu:

Dada, swali la kazi niachie mimi. Nina karakana ya samani na nimewaajiri watu kadhaa waliotoka gerezani. Wengine walikuwa mafundi wazuri sana, mmoja aliondoka bila kuaga na msasa wangu wa umeme. Sikumwajiri yeyote kwa sadaka.

Kwanza elewa ukubwa wa kikwazo, ili mdogo wako asidhani kwamba yeye peke yake ndiye anayekataliwa. Mwaka 2003 mtafiti Devah Pager alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika jijini Milwaukee, Marekani, ambako vijana waliofundishwa kujieleza kwa namna inayofanana walipelekwa kuomba kazi ndogondogo, wakipokezana kujifanya wamewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Weupe wasio na rekodi waliitwa tena kwa asilimia 34 ya maombi yao, na wenye rekodi asilimia 17. Weusi wasio na rekodi waliitwa kwa asilimia 14, na wenye rekodi asilimia 5. Yaani rekodi iliwapunguzia weupe nafasi kwa nusu na weusi kwa zaidi ya nusu, na mweusi msafi alipata nafasi chache kuliko mweupe aliyefungwa. Majimbo na miji mingi huko, kuanzia Hawaii mwaka 1998, ikawazuia waajiri wasiulize habari za jinai kwenye fomu ya kwanza. Nia ilikuwa nzuri. Lakini watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walipopima jimbo la New Jersey na jiji la New York, walikuta kwamba pengo kati ya weupe na weusi lilipanuka badala ya kupungua, kwa kuwa waajiri walionyimwa jibu walianza kubahatisha kwa kuangalia jina. Mimi nikiwa mwajiri ninalielewa vizuri jambo hilo, na linanikera: mtu asiyeambiwa hujaza mwenyewe, na hujaza lililo baya zaidi.

Ndiyo sababu ushauri wangu ni kwamba aseme, ila aseme kwa mpangilio. Asianze nalo kwenye mstari wa kwanza wa barua, wala asingoje aulizwe siku ambayo mtu mwingine amekwisha kunidokezea. Aje na kazi mkononi: kigoda kidogo au droo aliyoitengeneza mwenyewe, yenye viungo vinavyokaa bila msumari. Nikishaiangalia pembe ile na kuona imekaa sawa, tayari nimeanza kumfikiria kama fundi. Hapo anieleze kwa sentensi chache alifungwa kwa nini, amejifunza nini na tangu hapo amefanya nini, kisha anyamaze aniache niulize. Wanaoharibu ni wale wanaosimulia maisha yao yote na kuwalaumu mahakimu. Anipe pia jina la mtu mmoja ninayeweza kumpigia, hata kama ni mkufunzi wa karakana ya gereza.

Asidanganye kwenye fomu inayouliza wazi. Nikigundua baadaye, nitamfukuza kwa uongo hata kama ningemsamehe wizi. Na ajue kwamba baadhi ya nchi zina sheria zinazoruhusu rekodi kufutwa au kufichwa baada ya muda. Uingereza wanayo tangu mwaka 1974. Utafiti wa jimbo la Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya waliostahili kufutiwa, ni asilimia 6.5 tu waliokuwa wamefutiwa ndani ya miaka mitano, wakati waliofutiwa mishahara yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 22 ndani ya mwaka. Kilichowazuia wengi ni makaratasi, ada na kutojua. Dada, wewe unayependa kuuliza mapema, liandike hilo kwenye kalenda yako ya miaka ijayo.

Kwa waajiri wenzangu wanaosoma hapa: watafiti Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura waliangalia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1980, wakauliza ni baada ya muda gani mtu aliyekaa bila kosa huwa hana hatari zaidi ya mtu mwingine wa umri wake. Kwa aliyekamatwa kwa kuvunja nyumba akiwa na umri wa miaka 18, jibu lilikuwa takriban miaka 3.8, kwa unyang'anyi wa nguvu 7.7. Sasa yupo mwajiri anayemkataa mzee wa miaka 50 kwa kosa alilolitenda akiwa na miaka 20. Huyo hajilindi na chochote.

Afisa Uangalizi Mstaafu:

Dada Mkubwa, nimefurahi kusikia habari ya nyumba yako. Kuhusu masharti, yaandikeni wewe, mume wako na mdogo wako mkiwa mmekaa pamoja, kabla hajatoka, siku ya ziara ikiwezekana. Yawe machache na yanayoonekana kwa macho: saa ya mwisho ya kurudi usiku, nani haruhusiwi kuletwa nyumbani, mchango wake akianza kulipwa, na nini kitatokea akivunja, ili siku hiyo msianze kubishana juu ya adhabu. Sharti kama "awe mtu mzuri" liondoeni, kwa kuwa hakuna anayeweza kulitimiza wala kulipima. Chumbani kwake msipekue. Na mume wako asifanywe mkali wa nyumba huku wewe ukiwa mpole. Vijana hawa hulijua pengo hilo siku ya kwanza.

Gawaneni kazi pia. Huko Hamilton, Kanada, mwaka 1994 watu wa kanisa moja walikubali kumzunguka mtu aliyetoka gerezani ambaye mji mzima ulimwogopa, na kutokana na hapo ukazaliwa utaratibu ambamo wajitoleaji wachache, kwa kawaida wanne hadi saba, hukutana na mhusika mara kwa mara, wakimsaidia na pia wakimhoji bila kuoneana haya. Familia yenu ina watu wa kutosha. Mmoja ashughulikie vitambulisho, mwingine ampeleke kliniki, Mama aendelee kuwa mama na amtembelee kwako kila atakapo. Baba mdogo mpeni kazi inayolingana na ukali wake: awe ndiye anayemwuliza kila juma amekwenda kuripoti au hakwenda.

Sasa jibu kwa Jirani Aliyeibiwa, ambaye swali lake lilipaswa kuja mapema zaidi. Wale wazee wana haki ya kujua kwamba anatoka na kwamba hatakaa mtaani kwao, na taarifa hiyo ipitie kwa afisa wa uangalizi au ofisi inayohudumia waathiriwa wa uhalifu, kama ipo. Mdogo wako asiende kwao mwenyewe, hata kama nia yake ni kuomba radhi, kwa sababu mtu aliyewahi kuingia nyumbani mwako bila kukaribishwa akigonga mlango tena, unachokiona kwanza si toba. Wala wewe usiende kumwombea. Kama anataka kulipa sehemu ya alichochukua, aanze kuweka akiba kutoka katika mshahara wa kwanza, hata kama ni kidogo, na barua iandikwe kwa mkono wake na kukabidhiwa kwa afisa. Afisa atawauliza wazee kama wako tayari kuipokea. Wakisema hapana, ibaki kwenye jalada, na ile fedha waulizwe tena peke yake, bila barua wala mazungumzo. Wengi huipokea kwa masharti hayo.

Jirani Aliyeibiwa:

Mzee, hilo ningelikubali. Mimi nisingeitaka barua, ila ningetaka kuarifiwa tarehe.